Kiungo cha redio kati ya Kilwa Masoko na Kilwa Kisiwani: maji kujaa na kupwa

Kiungo kati ya Kilwa Masoko na Kilwa Kisiwani, umbali wa takriban kilomita 2 juu ya maji, kimekwisha kuwekwa na kwa kawaida kinapitisha zaidi ya Mbps 400 kwenye masafa ya GHz 5.8, kwa chaneli yenye upana wa MHz 80. Masafa ya GHz 60 yangetoa kasi kubwa zaidi, lakini huko oksijeni ya hewani pekee humeza takriban desibeli 15 kwa kila kilomita, na masika ya pwani yetu yangemaliza kilichobaki.

Kwa hesabu ya karatasi, njia hii hupoteza desibeli 114 hivi. Redio ikitoa dBm 20 (kipimo cha nguvu ya ishara; kadiri namba inavyozidi kuwa hasi, ndivyo ishara inavyokuwa dhaifu), na kila dishi likiongeza desibeli 25, ishara inapaswa kupokelewa kwenye dBm −44 au karibu na hapo. Eneo la Fresnel, yaani nafasi inayouzunguka mstari wa ishara ambayo haifai kuzibwa, lina nusu kipenyo cha mita 5 katikati ya njia. Kwa kuwa dishi la Masoko liko mita 12 juu ya maji yaliyojaa na la Kisiwani mita 9, hakuna kinachoziba njia, isipokuwa mlingoti wa jahazi linalopita, ambao huonekana kwenye grafu kama kijino chembamba.

Hata hivyo, ishara haikutulia. Ilipanda hadi dBm −40, kisha ikaporomoka hadi −66 bila mvua wala upepo, na kasi ikaporomoka nayo. Nilipoiweka grafu kando ya jedwali la maji kujaa na kupwa, mistari ile miwili ilifuatana. Sehemu ya mawimbi ya redio hugonga uso wa bahari na kufika dishini ikiwa imechelewa kwa sentimita chache tu kuliko ile iliyonyooka. Urefu wa wimbi lenyewe ni sentimita 5.2, kwa hiyo maji yanaposhuka mita 3 wakati wa bamvua (siku ambazo bahari hujaa na kupwa zaidi), tofauti ya njia hizo mbili hutoka kama sentimita 11 hadi 18, na mawimbi hayo hupita kwa zamu kutoka kusaidiana hadi kufutana. Wakati wa bamvua mashimo hayo ya ishara hupita upesi. Maji mafu, siku ambazo bahari hupanda na kushuka kidogo tu, ndiyo yanayoudhi, maana bahari hutulia karibu na kina kile kile na ishara hukaa chini kwa muda mrefu.

Siku za matlai, bahari ikiwa shwari, ni mbaya kuliko siku za kusi, upepo mkali wa kusini. Miale ikigusa maji kwa pembe isiyofika nyuzi moja, hata viwimbi vya nusu mita havitoshi kuivunja, sembuse bahari iliyolala. Kati ya mikondo miwili ya ishara, ule ambao mawimbi yake hutikisika kwa mlalo hushuka zaidi kuliko ule wa wima, kama inavyotarajiwa juu ya maji ya chumvi. Niliona pia kwamba kuliinua dishi kidogo kuelekea angani hakusaidii, kwa sababu mwale ulioakisiwa na ule ulionyooka vinatofautiana kwa pembe ndogo mno kwa dishi la ukubwa huu.

Dawa ninayoijaribu sasa ni dishi la pili upande wa Kisiwani, mita 2 chini ya lile la kwanza kwenye nguzo hiyo hiyo. Katika kimo hicho, la juu likiwa shimoni, la chini linakuwa karibu na kilele. Redio ya Masoko inayahudumia yote mawili, na ruta huhamia kwenye njia yenye ishara bora. Majaribio ya awali yanaonyesha kwamba kasi haishuki chini ya Mbps 250, hata maji yakiwa mafu.

Boliti zote ni za chuma kisichoshika kutu, na viungio vya kebo vimepakwa grisi na kufungwa kwa mpira. Chumvi ya hapa haina subira. Kinachofuata ni kuirekebisha ruta isihamehame ovyo pale njia zote mbili zinapokaribia kulingana, kisha kuiacha grafu iandike mwandamo mzima wa mwezi, pamoja na bamvua zake mbili.