Siku moja nikiamia ndege Ahero, Kisumu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko njiani, gambuti miguuni, kombeo shingoni. Mpunga wa mama ninayemfanyia kazi ulitoa masuke wiki iliyopita. Ukiminya punje, maziwa meupe yanatoka, na ndege wanajua.

Saa kumi na mbili kwelea wanashuka kama moshi. Napiga debe, navuta kamba ya makopo, nakimbia kwenye kingo za majaruba. Kwelea mmoja hula takribani gramu 10 kwa siku. Wakija elfu moja, hizo ni kilo 10 zimekwenda.

Saa mbili wanapungua, ndipo namtazama ndege wangu. Kwenye matete ya mfereji unaoleta maji ya Mto Nyando kuna kweche dume, mwekundu kama kaa la moto, uso na tumbo vyeusi tii. Hujitutumua mpaka anakuwa mviringo, kisha huelea juu ya matete, mabawa yakivuma kama nyuki bambi. Ana viota vitatu. Cha tatu bado kibichi. Leo nimemwona akichana utepe wa jani, akaupitisha, akauvuta kwa mdomo hadi ukakaza. Yeye hufuma ganda tu. Jike akikikubali, ndiye anayetandika ndani.

Saa tano kijana wa jirani amekuja na manati. "Anko, nimdondoshe yule mwekundu?"

Nimemshika mkono, tukasogea polepole hadi kiota cha kwanza. Mayai matatu.

"Kumbe ni ya bluu!" akanong'ona.

Sisemi kweche haibi. Chakula chake ni mbegu za nyasi, na mpunga nao ni nyasi. Lakini hapa wengi huwaita kwelea na kweche wote osogo, kwa Kiluo, na hapo ndipo ninapoumia. Januari 2023 kwelea walipovamia mashamba ya Kisumu, ilinyunyizwa fenthioni. Sumu ile haichagui ndege. Debe langu linafukuza, haliui, na nitalipiga hadi mkono ufe ganzi.

Mchana, nyoyo, yaani mahindi na maharagwe ya kuchemsha, na maji. Saa kumi kwelea wamerudi, debe tena, sauti imenikauka.

Mvua zikiisha, kweche atavua wekundu wote awe kahawia kama jike, na yule kijana hatamtambua. Nitamwonyesha.

Saa kumi na mbili na nusu, nikikunja kamba, jike mwingine ametua kwenye kiota cha tatu. Ameingia, akatoa kichwa, akarudi ndani.