Skuli zikifungwa, nyumba ifuate adhana

Mwaka 2020, korona ilipoingia, Tanzania haikuwafungia watu ndani kama walivyofungiwa Italia au Uingereza. Kwetu Zanzibar zilifungwa skuli, tangu Machi mpaka zilipoanza kufunguliwa kwa awamu mwezi wa Juni, na hoteli za Nungwi na Paje zikabaki hazina wageni. Kwa mzazi hesabu ilikuwa ile ile: watoto wote nyumbani kutwa, baba aliyezoea kuja siku yake ya mapumziko sasa yupo barazani kila siku, na nje masika inamwaga.

Kosa la mwanzo hufanywa kwa nia njema. Mzazi anaandika ratiba kama ya skuli, saa mbili Hesabu, saa tatu Kiingereza, anaibandika ukutani. Haimalizi wiki. Nyumba haina kengele, na mwalimu wake ana chungu jikoni. Lakini ina adhana tano, na huku karibu na ikweta adhana haihami sana: Adhuhuri haiendi mbali na saa sita na nusu, Magharibi hucheza kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo. Tundika kila kazi kwenye sala yake na hutahitaji kumpigia mtu kelele.

Baada ya Alfajiri ni Qur-ani, kichwa kikiwa hakijachoka. Baada ya chai ni masomo mazito, dakika 20 kwa mtoto wa madarasa ya chini, kisha anainuka, anakunywa maji, anarudi. Mkubwa anaweza dakika 40. Ukimkalisha mdogo saa nzima atakuwepo mkekani lakini hayupo. Adhuhuri ni chakula na usingizi. Alasiri ni uani, kazi za mikono na michezo. Baada ya Magharibi simu inawekwa juu ya kabati.

Simu ndiyo inayoleta ugomvi, maana ni moja na watoto watatu. Ipewe zamu kwa sala pia: mwenye mtihani mbele yake anaishika kati ya chai na Adhuhuri, wengine baada ya Alasiri. Mwombe mwalimu atume picha za kurasa badala ya video; picha inanakiliwa kwenye daftari na simu inarudi, video inakula bando lote kwa somo moja. Mtoto akiachiwa simu kutwa kwa jina la "kusoma", ujue saa tano asubuhi anacheza gemu.

Hesabu haihitaji simu. Bao lina mashimo 32, safu nne za manane, na kete 64. Mdogo asianze kwa kunamua, yaani kutia kete moja moja kutoka mkononi. Mpangie bao la kujifunza, kete mbili kila shimo, na kabla ya kucheza mwulize zote ni ngapi bila ya kuhesabu moja moja. Akishazoea kusambaza, mpangie la wakubwa, kila mchezaji: sita kwenye nyumba, lile shimo kubwa la safu ya mbele, mbili na mbili pembeni yake, 22 mkononi. Hakuna komwe? Kokoto. Hakuna ubao? Chimbeni mashimo uani. Ramadhani ya mwaka ule iliangukia katikati ya kufungwa kule, na ilikuwa na somo lake tayari: pishi ni vibaba vinne, zaka ya fitri ni pishi moja kwa kila kichwa, takriban kilo mbili na nusu za mchele. Nyumba ya watu saba itoe kilo ngapi? Mwache apime mwenyewe, amwage, aokote.

Maji ya kunawa ndiyo yanayofelisha nyumba nyingi. Kuwaambia watoto wanawe kwa sekunde 20 ni rahisi. Lakini mikono saba michafu inashika bomba lile lile. Tengeneza kibuyu chirizi. Chukua dumu la lita tano, upande ulio mkabala na mkono wake, chini kidogo ya bega, toboa tundu kwa msumari mwembamba uliopashwa moto. Litundike kwa mkono wake kwenye mti uliolazwa juu ya miti miwili yenye panda. Funga kamba shingoni mwa dumu, ishuke mpaka kwenye kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Maji yaishie chini ya tundu, ama sivyo yatavuja kutwa. Kifuniko kilegeze kidogo, kwani kikibana hewa haiingii na maji yanakataa kutoka. Tundu likiwa pana, dumu linakwisha kwa watu watatu. Chini mwaga kokoto pasije pakawa tope. Sabuni itoboe, uitundike kwa kamba, na juu yake uifunike kwa kifuu cha nazi, maana kunguru wetu hawa, walioletwa kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, sabuni wanaipenda kuliko watoto. Kwa wanaokaa ghorofani kama Michenzani kibuyu chirizi hakifai. Ndoo yenye bomba la kufungulia kwa kiwiko inatosha, ikae mlangoni, si chooni.

Vitasa na meza vifutwe kwa dawa ya klorini ya asilimia 5, mililita 20, yaani vijiko vinne vya chai, kwa lita moja ya maji. Tengeneza mpya kila siku. Usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi. Moshi wake unaumiza mapafu.

Bibi ndiye wa kulindwa kwanza. Kumkataza mjukuu asimbusu mkono bila ya kumpa badala yake ni kumfundisha utovu wa adabu, na bibi atavunjika moyo. Mfundishe kuweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa kidogo anapotoa shikamoo. Sinia nalo lina njia: bibi apakuliwe sahani yake kwanza, mwanzo wa chungu, kabla ya mkono wowote. Akipakuliwa mwisho ataona ametengwa. Na akae dirishani, penye hewa.

Kujifukiza kulivuma sana mwaka ule. Mvuke hauui kirusi, lakini sufuria ya maji ya moto chini ya shuka inaunguza watoto. Mkubwa akitaka kujifukiza ajifungie chumbani peke yake. Mtu akianza kuhema kwa taabu, midomo ikageuka rangi au akawa hajitambui vizuri, ni hospitali, si nyungu.

Baba aliyerudi kutoka hotelini apewe zamu yake yenye jina, kwa mfano masomo ya asubuhi yote au sokoni na maji. Akibaki mkaguzi wa kazi za mama, watoto watajua haraka pa kukimbilia kila wanapokatazwa.

Siku kumi kabla ya skuli kufunguliwa rudisha usingizi, nusu saa kila siku mbili. Siku hiyo hiyo mvishe kila mtoto viatu na sare, uone kama bado vinamtosha. Miguu haikungoja, na fundi cherehani akishajaa kazi hakupokei.