Moto wa Mtakatifu Blasi, Fiuggi

Italia nzima inaijua Fiuggi kwa maji. Ingia duka lolote la Roma utazikuta chupa zake, ghali kuliko za jirani zake rafuni, na wazee wenye mawe kwenye figo watakuapia kuwa hakuna maji mengine. Papa Bonifasi VIII aliyanywa. Michelangelo naye, mwaka 1549, alimwandikia mtoto wa mdogo wake kwamba anakunywa maji ya chemchemi iliyoko maili arobaini kutoka Roma, maji yanayovunja mawe. Mimi nilikuwa naishi Roma na figo zangu hazina shida. Kilichonipeleka huko mwezi Februari, wakati wenye akili wamejifungia ndani, ni moto.

Mabasi ya Fiuggi huondokea Anagnina, mwisho wa laini A ya metro. Nilipanda mchana wa tarehe 2 pamoja na wanafunzi, akina mama wenye mizigo ya sokoni, na wanawake kadhaa wa kigeni wanaolea vizee vya watu. Barabara kuu inakwenda kusini mashariki bila cha kutazama mpaka ukaribie Anagni, mji aliozaliwa huyo huyo Bonifasi VIII na ambako maadui zake walikuja kumkamata mwaka 1303. Hapo basi linaiacha barabara kuu na kuanza kupanda. Milima ya Ernici ilikuwa na theluji mabegani, na kila kona tuliyokata kioo cha dirisha kilizidi kuwa baridi. Mimi ni mtu wa Njombe, baridi ya asubuhi naijua, lakini ya Njombe ina adabu: jua likitoka inaondoka.

Kwanza unashushwa Fiuggi Fonte, mji wa bonde, mji wa chemchemi. Mahali hapa pamejengwa kwa ajili ya wageni. Hoteli zimepangana mtaa baada ya mtaa, nyingine za fahari, nyingine za familia, na karibu zote nilizozipita zilikuwa zimefungwa, viti vya bustani vimegeuzwa juu chini. Watu huja kunywa maji kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli, kisha wanaondoka. Wanaofuatilia siasa za Italia watalikumbuka jina hili kwa sababu nyingine: Januari 1995 chama cha MSI, warithi wa mafashisti, kilikutana hapa kikajivunja na kuwa Alleanza Nazionale. Sina la kuongeza kuhusu hilo, ila kwamba hoteli tupu za wakati wa baridi lazima ziliwafaa kwa mkutano.

Mji wenyewe uko juu. Hadi mwaka 1911 uliitwa Anticoli di Campagna, kisha ukabadilishwa jina kulingana na maji yake. Uko zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari, nyumba za mawe zimebanana kileleni, vichochoro vinageuka ngazi bila kukuonya, na kanisa la Mtakatifu Petro liko juu ya vyote. Nilikodi chumba kwa bibi mmoja ambaye, kabla hata hajaniuliza jina, aliniuliza kama nina soksi nene. Alipojua nimetoka Tanzania alinitandikia blanketi la nne.

Uwanja unaoitwa Piazza Trento e Trieste umetawaliwa na jengo kubwa la manispaa, ambalo mwanzoni mwa karne ya 20 lilianza kama hoteli ya kifahari. Mbele yake ndipo zilipokuwa zimesimama zile stuzze. Ni marundo ya magogo na matawi, yamepangwa kwa kuegemezana hadi yakawa piramidi, marefu kumpita mtu mara kadhaa. Wanaume walikuwa bado wanachomeka matawi makavu kwenye mapengo, huku wengine, mikono mfukoni, wakiwaelekeza namna ya kufanya. Kazi ya kuelekeza ilikuwa na watu wengi kuliko kazi ya kuchomeka.

Kisa chake nilisimuliwa na watu wengi kwa namna moja, tofauti zikiwa katika mbwembwe tu. Tarehe 2 Februari 1298 jeshi la adui lilikuja kuushambulia mji. Miaka hiyo vilima hivi havikuwa na amani, Bonifasi VIII akipigana na ukoo wa Colonna, ngome kwa ngome. Adui walikuwa wamegawanyika vikosi viwili, kila kimoja kikipanda kwa njia yake. Waliposogea wakaona mji unawaka, ndimi za moto zinatoka juu ya mapaa. Kila kikosi kikadhani chenzake kimetangulia kufika na kumaliza kazi. Hakuna cha kuteka wala kupora, wakageuza. Kumbe hakuna hata nyasi moja iliyoungua: ule ulikuwa moto wa Mtakatifu Blasi, moto usiounguza. Tangu hapo yeye ndiye msimamizi wa mji.

Napenda muujiza wa namna hii. Hakuna malaika mwenye upanga, hakuna adui aliyepigwa upofu. Mtakatifu aliwadanganya tu, na hakumwagika damu ya mtu. Na mji umekaa unalipa deni hilo kwa kuwasha kila mwaka moto wa kweli kwa ajili ya ule ambao haukuwa wa kweli.

Giza lilipoingia uwanja ulijaa. Zimamoto walikuwa pembeni na mipira yao ya maji, bendi ya matarumbeta ikipiga, wababa wamebeba watoto mabegani. Mienge ilipoguswa kwenye rundo la kwanza palifuka moshi mzito, watu wakapiga chafya na kucheka, kisha pakasikika mvumo kama lori linalopanda mlima na mwali ukaruka juu mara moja. Umati wote ukarudi nyuma hatua kadhaa bila mtu kuamrisha. Ubaridi niliokuwa nao tangu Anagni uliniisha usoni lakini ukabaki mgongoni, na nilipotazama nikaona watu wote wanafanya jambo moja: wanajigeuza, dakika chache uso, dakika chache mgongo. Marundo mengine yakashika. Cheche zilipanda juu ya paa la manispaa, na madirisha yake yote yakawa mekundu. Ukiwa chini kule bondeni usiku huo, bila kujua lolote, ungesema kwa haki kabisa kwamba mji unateketea.

Nilinunua divai iliyochemshwa na mdalasini na karafuu, nikajiuliza kimoyomoyo kama karafuu hizo zilipitia Pemba, na mkate uliojazwa porchetta, yaani nguruwe mzima aliyechomwa na viungo. Muuzaji hakukubali nile kwa kusimama peke yangu. Alinisukumia kwenye meza ya watu asiowajua vizuri hata yeye. Mmoja wao alikuwa mhudumu wa hoteli kule Fonte, mama wa makamo. Akaniambia kuwa kiangazi chote anabeba sahani za watu wa Roma na Napoli, na hata sikukuu za Agosti huwa anazisikia kwa mbali kutoka jikoni. “Leo,” akasema, “ananihudumia huyu.” Akamnyooshea kidole mumewe, ambaye alikuwa anapigania nafasi kwenye foleni ya soseji. Nikaelewa kwa nini hakuna aliyehangaika kutafsiri matangazo wala kuweka vibao vya kuwaelekeza wageni. Shughuli ya mji unaoishi kwa wageni, na wenyewe wameiweka wakati ambao wageni hawaji.

Tarehe 3 ni siku ya kanisa. Blasi alikuwa askofu wa Sebaste, huko Armenia ya kale, katika eneo ambalo leo ni Uturuki, akauawa kwa ajili ya imani mwanzoni mwa karne ya 4. Wanasema alimwokoa mtoto aliyekwama mwiba wa samaki kooni, na kwamba watesi walimchana mwili kwa vitana vya chuma vya kuchania sufu. Ndiyo maana wagonjwa wa koo na wachanaji wa sufu wote wanamdai yeye. Baada ya Misa tulipanga mstari, na padre akawa anaweka mishumaa miwili iliyofungwa msalaba chini ya kidevu cha kila mmoja, akiomba kwa maombezi ya Mtakatifu Blasi Mungu amwepushe na ugonjwa wa koo na mabaya mengine yote. Nimekuwa nikipokea baraka hii tangu utotoni parokiani kwetu, siku hiyo hiyo, mishumaa hiyo hiyo, na maneno nikayajua kabla padre hajayamaliza. Mbele yangu bibi mmoja alimpitisha mjukuu wake mara mbili kwa sababu, alisema kwa sauti, mara ya kwanza mtoto alikuwa anakohoa.

Maandamano yalizunguka mji wa kale, sanamu ikiyumba mabegani kwenye kona zile za ngazi, wabebaji wakigombana chini chini kuhusu nani anatembea haraka. Nyuma yake wanawake walisali rozari, na nyuma yao kabisa vijana wakaongea habari za mpira.

Jioni, kwenye basi la kurudi Roma, mzee mmoja alipanda Anagni akakaa kando yangu. Alinusa koti langu mara moja tu akajua nilikotoka. Nikamuuliza kama anakiamini kile kisa cha jeshi lililorudi nyuma. “Rafiki yangu,” akasema, “ilikuwa Februari, wanapanda mlima usiku. Waliona moto, wakakumbuka na kwao kuna moto.”