Chakula chao kwa majira yake

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno la juma hili ni Zaburi 104:27: “Hao wote wanakungoja Wewe, Uwape chakula chao kwa majira yake.” Nilikuwa nimeandaa mstari mwingine kabisa, na maandalizi yalikuwa yamekwisha, ila kuna sahani ya plamsi ambayo sikuipata na imekataa kunitoka kichwani.

Mwezi wa saba tulipanda Lushoto kwenye harusi ya mtoto wa ndugu yetu. Siku ya kurudi nikawaambia wenzangu kwamba hatuteremki Mombo kabla ya kula Irente. Wengi wenu mnalijua shamba lile. Ni la kanisa, la Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, kilomita chache tu kutoka Lushoto mjini, jirani na nyumba ya kulelea watoto na shule ya wasioona. Ukisogea mbele zaidi ardhi inakatika ghafla: unasimama juu ya jabali, na chini yako, kama mita 1,000 hivi, iko Mazinde na mashamba ya mkonge yaliyopigwa mistari mpaka macho yanachoka. Mama yangu, mzaliwa wa upande wa Mlalo ambaye sasa tunaishi naye Kimara, aliutazama mkonge ule kwa muda mrefu, kisha akasema, “Na vyote vile haviliwi.” Akageuka, akauliza chakula kiko wapi.

Tukakaa nje, kwenye meza ya mbao, tumejifunga mitandio maana ule ukungu wa Julai hauna adabu. Binti aliyetuhudumia alimwamkia mama, “Shikamoo bibi,” akaitikiwa, “Marahaba mjukuu wangu,” na mara wakaanza kuulizana koo. Nikawakatiza. Nikasema, “Mwanangu, usisahau kutuletea plamsi, zile za hukuhuku.”

“Plamsi bado, mama. Mpaka Desemba.”

“Hata za kununua sokoni?”

“Sokoni nako bado.”

Nilinuna, nakiri. Njia nzima kutoka Dar nilikuwa nawahadithia watoto plamsi za Usambara, zile zinazokuchuruzikia maji mpaka kiwikoni. Mume wangu akacheka: “Mke wangu, umeagiza Desemba ndani ya Julai.”

Yule binti akaleta kilichokuwepo. Mkate mzito wa kahawia, wa aina ile waliyoiacha Wajerumani, ukikatwa kipande kimoja umeshashika tumbo. Siagi. Jibini laini nyeupe, mfano wa mtindi uliochujwa maji. Majani ya saladi yaliyokuwa bado na umande, karoti, parachichi, chai ya mchaichai. Na kibakuli cha jamu, ambacho alikiweka mbele yangu mimi, si mbele ya watoto. “Hii ni ya plamsi, mama. Za Desemba iliyopita.” Sikujua nicheke au nione haya.

Watoto wangu, waliozaliwa na kulelewa mjini, walipiga picha. Mkubwa akaeleza kwa kirefu kwamba siku hizi duniani watu hulipa fedha nyingi kula hivi, chakula cha msimu, kilichotoka bustanini hapohapo. Bibi yake akamsikiliza mpaka mwisho, akapaka siagi, akasema, “Sisi hatukukiita chakula cha msimu. Tulikiita chakula.”

Nimeanzia mbali, lakini nataka tuliangalie neno moja la yule binti. Alisema “bado”. Hakusema “hakuna”. Sisi wenye Kiswahili tunajua tofauti yake bila kufundishwa. Ukiulizwa umeolewa, umejaliwa mtoto, umepata kazi, adabu ya lugha yetu hukuzuia kujibu “hapana” kavu. Unasema “bado”. Neno hilo linafunga mlango wa leo na kuacha ufunguo ukining'inia. Zaburi ya 104 imejaa viumbe walioambiwa “bado”: wana-simba wanaonguruma usiku wakimdai Mungu mawindo, ndege wenye viota, punda wa porini wenye kiu. “Hao wote wanakungoja,” anasema mwimbaji, na hakumtoa mtu.

Mimi nimejitoa. Nyanya nanunua Kariakoo Januari, nanunua Agosti, wala sijui zimetoka wapi. Zikikata Lushoto zinaletwa za Ilula, Iringa, nami sikai hata siku moja bila. Sisemi hilo ni baya. Lori lile ndilo linalolipa ada za watoto wa wakulima wa Lushoto, na kabichi zao zingeoza pale Soni kama si sisi walaji wa Dar. Ila lori limenificha kitu. Majira hayajaondoka, yamewekewa turubai tu. Na mtu asiyengojea nyanya hujikuta hawezi kungojea chochote. Nimejiona: mtandao ukichelewa dakika moja, nasonya.

Waliotafsiri Biblia yetu ya Muungano hawakusahau majira. Mwanzo 8:22, baada ya gharika, Mungu anaahidi kwamba majira ya kupanda na mavuno hayatakoma, wala baridi na hari, na pale ambapo mtu angetegemea kusoma kiangazi na masika, wao wakaandika “wakati wa kaskazi na wakati wa kusi”. Pepo za majahazi hizo! Mvuvi wa Pangani akiusikia mstari huo anajua amesemwa yeye. Na kwenye Sala ya Bwana, ndugu zetu Wakatoliki husali “utupe leo mkate wetu wa kila siku”, sisi tunasoma Mathayo 6:11: “Utupe leo riziki yetu.” Napenda zote mbili, lakini riziki ni neno pana. Mkate unaweza kuuokea mwenyewe. Riziki huja, tena huja kwa njia usiyoipanga. Wahenga walisema riziki kama ajali, huitambui ijapo.

Tuliopitia kipaimara tulikaririshwa Katekisimo Ndogo, aliyoitoa Martin Luther mwaka 1529, mpaka tukaiota usiku. “Maana yake nini?” anauliza mwalimu, na wewe unaporomosha. Kwenye ombi la riziki jibu lilikuwa refu kuliko pumzi yangu: chakula na kinywaji, nguo na viatu, nyumba, shamba, mifugo, fedha, mwenzi mwema, watoto wema, watawala waaminifu, serikali njema, hali njema ya hewa, amani, afya, marafiki, majirani wa kuaminika. Utotoni niliona mzee huyu amechanganya mambo. Serikali na mawingu vinatafuta nini kwenye ombi la mkate?

Pale mezani nilimuuliza mama swali hilo, nusu kwa utani. Hakufikiri hata kidogo. Akasema wazee wa Usambara walikuwa na maneno mawili, kuzifya shi na kubana shi: kuitengeneza nchi na kuiharibu. Zamani za Wakilindi, watawala wa Vuga, mvua na utawala vilitajwa pamoja. Mtawala akikaa imara na watu wakawa na amani, mvua inanyesha, mahindi yanasimama. Hiyo ndiyo kuzifya shi. Wakubwa wakianza kugombania kiti, nchi inabanwa, mvua inakata, watu wanahama na vikapu vitupu. Sisemi turudi kwenye matambiko, msininukuu vibaya kwa mchungaji. Nasema wazee wale wangemwelewa Luther bila katekista. Walijua kwamba kati ya mbegu na mdomo kuna mambo mengi yanayoweza kuharibika, na kwamba mkulima peke yake hana mkono wa kuyafikia yote. Kwa hiyo ukiwa na kipande cha mkate mkononi, kuna mvua iliyonyesha, kuna barabara ambayo haikukatika, kuna vita ambayo haikutokea.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ni rahisi mtu aliyeshiba jibini kuhubiri uzuri wa kungoja. Mama aliposema “tulikiita chakula”, hakuwa anasifu. Baadaye, garini, alitusimulia miezi ile kabla ya mavuno, ghala limebaki vumbi na mahindi shambani bado maziwa, wanapika mnavu na mchunga mchana, na usiku wanapika mnavu uliobaki. Chakula kwa majira yake kina upande wa pili, nao ni njaa kwa majira yake. Kwa mwenye shamba la robo eka kwenye mteremko, “bado” si neno zuri. Ni watoto wanaolala mapema ili wasiombe.

Na Maandiko hayakulificha hilo. Kuna mstari ambao umenisumbua miaka mingi, Marko 11:13. Bwana wetu ana njaa, anauona mtini kwa mbali una majani, anaufikilia, hakuti kitu ila majani, “maana si wakati wa tini”. Nimewasikia wahubiri wakiulaumu mtini kwa unafiki wa majani. Labda. Wanaojua zaidi yangu wamefafanua habari hiyo pamoja na hekalu, inayofuata papo hapo, na nawaachia. Mimi ninachokiona sasa, baada ya Irente, ni kidogo zaidi: Mwana wa Mungu alisimama chini ya mti akiwa na njaa, akajibiwa “bado”. Anayefahamu majira yote, kwa kuwa yeye ndiye aliyeyaweka, alikuja mwilini kwa ukamilifu kiasi cha kukosa tunda kwa sababu ya tarehe. Ukimwomba ukiwa na tumbo tupu, humwombi mgeni.

Kijana wetu wa pili amemaliza chuo miaka miwili iliyopita. Bahasha zake za maombi ya kazi zingetosha kuezekea banda la kuku. Kila Jumapili anaulizwa pale mlangoni mwa kanisa, “Vipi, umepata?” naye anajibu “bado” kwa sauti ambayo kila mwezi inapungua. Nami, mama yake, nimewahi kumwambia kwamba wakati wa Mungu ni wakati sahihi. Alinitazama tu. Leo nisingemwambia hivyo. Kule Irente niligundua kwamba yule binti hakunihubiria juu ya Desemba wala hakuniambia nifurahie kukosa. Alileta jamu.

Nimelifikiria sana lile bakuli. Kuna mtu Desemba iliyopita, plamsi zikiwa nyingi hadi zinaanguka na kuliwa na mbuzi, ambaye hakusema “zimejaa tele, za nini kujisumbua”. Alichuma, akaosha, akatoa kokwa moja moja, akakoroga kwenye moto na sukari, akafunga kwenye chupa kwa ajili ya mtu wa Julai asiyemjua. Yusufu alifanya kazi ya namna hiyo Misri katika miaka saba ya shibe, na siku ilipofika hata ndugu zake waliomuuza walikula. Wako kati yetu ambao sasa wako Desemba: kazi ipo, watoto wazima, mwili unaitika. Na wako walio Julai, tena Julai ya ukungu. Mnakaa benchi moja kila Jumapili. Mfadhili wa ada ya mtoto wa jirani, shemasi anayepita kwa mgonjwa na uji kwenye chupa ya chai, mzee aliyempeleka kijana wetu kwa fundi wa umeme akajifunze wakati akingoja: hizo zote ni jamu. Hazilingani na plamsi, na yeyote aliyewahi kula zote mbili asikudanganye.

Juma hili, kabla ya kula, jaribuni jambo dogo. Ulizeni kilicho mezani kimetoka wapi, na nani alikishika kabla yenu. Watoto watawacheka. Kwetu tumefika Muheza kwenye machungwa na tumekwama kwenye dagaa.

Tuombe. Bwana, wewe unafumbua mkono na kila kilicho hai kinashiba. Wengine wetu tumeshiba mpaka tumesahau mkono ni wa nani. Wengine tunaungoja na macho yamechoka. Uizifye nchi yetu, watawala wake na mawingu yake. Utupe leo riziki yetu, na kwa yule uliyemwambia “bado”, umpelekee mtu mwenye bakuli. Kwa Yesu Kristo aliyeona njaa. Amina.

Nilisahau jambo moja. Tulipomaliza kula, mama hakukubali tuondoke bila sala ya baada ya chakula, ambayo nyumbani kwetu tumeiacha siku nyingi. Tunaomba mwanzo, mwisho tunatafuta rimoti. Akasimama, akashika kiti, akaitoa kwa kichwa kama alivyofundishwa na babu yake, pamoja na ule mstari wa Zaburi 147 ambao Luther aliuweka humo, wa Mungu ampaye mnyama chakula chake, na “wana-kunguru waliao”. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni “walao”, na nilishangaa kwa nini Mungu asifiwe kwa kunguru ambao tayari wanakula. Kwenye uzio nyuma ya mama palikuwa na kunguru mmoja mweusi mwenye shingo nyeupe, akiuangalia ukoko wa mkate uliobaki kwenye sahani yangu, akilia.