Kikoi cha Mjomba

Mama ndiye aliyetufukuza. Ilikuwa Januari 2016, siku ya nne tangu apasuliwe goti katika hospitali moja mjini Ernakulam, jimbo la Kerala, kusini mwa India, na mimi na Mjomba tulikuwa hatubanduki kitandani pake. "Nendeni mkatembee huko," akasema. "Mwanichosha."

Mjomba hakungoja aambiwe mara ya pili. Alivua ile suruali aliyokuwa akiivaa kwa ajili ya madaktari, akajifunga kikoi chake cha mistari ya kijani, akatia makubadhi. Nikaona haya. Nilidhani watu watatukodolea macho njia nzima.

Kumbe! Hatujafika gatini nimeshahesabu wanaume zaidi ya ishirini waliojifunga nguo kiunoni. Nyeupe wanaiita mundu, ya rangi wanaiita kaili. Mtu akiwa na haraka au kazi huikunja ikapanda hadi magotini, sawasawa na wavuvi wetu wa Malindi. Akikutana na mtu mzima anayemstahi, huifungua fundo ikashuka hadi chini, kisha ndipo anapozungumza naye. Mjomba aliligundua hilo kabla yangu. "Watazame," akaniambia. "Wana adabu ya nguo hawa."

Kwenye tiketi za boti kulikuwa na foleni ya wanawake peke yake, fupi, nikaingia mimi. Kugeuka, Mjomba hayupo. Moyo ulinipasuka, simu yake alikuwa ameiacha hospitali, na ukimtafuta mzee mweusi mweusi mwenye kikoi katika umati ule ni kama kutafuta papa baharini kwa mkono. Nilimkuta kwenye benchi na babu mmoja aliyekuwa akimwaga Kimalayalam, lugha ya Kerala, bila kituo, na Mjomba anaitikia kwa kichwa.

"Anasema nini?"

"Sijui, mwanangu. Lakini naona ana haki."

Safari ya Fort Kochi, mji wa kale wa Kochi ulioko ng'ambo ya maji, ni kama dakika ishirini, makreni ya makontena upande huu, mitumbwi upande ule. Kuteremka tu tukadakwa na dereva wa tuktuk, kijana mcheshi, ambaye badala ya kutupeleka Mattancherry, mtaa wa jirani, alitupeleka kwenye duka la mazulia. Halafu duka jingine la mazulia. Nikakasirika, naye akakiri bila aibu: kila akileta mgeni, duka linampa kuponi ya petroli, wanunue wasinunue. Mimi nilitaka kushuka. Mjomba akasema, "Basi twingie na la tatu, ajaze tangi." Akaketi mle, akanywa chai yao, akapapasa mazulia ya Kashmir ambayo hana hata sebule ya kuyatandika.

Mattancherry ni mtaa mdogo, lakini sijaona mahali palipobanana dini namna ile. Sinagogi la Wayahudi, la mwaka 1568, limepakana ukuta kwa ukuta na hekalu la jumba la mfalme wa Kochi. Unavua viatu kabla ya kuingia, kama msikitini, na sakafu yake ni vigae vya buluu na nyeupe kutoka China, vilivyochorwa kwa mkono kimoja kimoja, hata hukuti viwili vinavyofanana kabisa. Wayahudi wenyewe wengi wao walihamia Israeli. Barabara bado inaitwa kwa jina lao, ila madukani walioketi ni watu wengine.

Mmoja wao alikuwa mzee wa Kimemoni, jamii ya Waislamu wafanyabiashara, asili yake Kutch kule Gujarat, muuza iliki na pilipili manga. Mjomba ujanani alipakua magunia katika duka la Mkachi mmoja Mombasa, na Kihindi chake cha sinema, ambacho hakikumfaa kitu siku nzima, akakiweka kando. Akatoa Kikachi chake kilichochakaa. Yule mzee alisimama kabisa kutoka kwenye kiti. Sikuelewa neno, ila vidole vyao nilivielewa: walikuwa wanapatana bei ya iliki, na wote wawili wanaona raha kutokubaliana. Tulipolipa, mzee alinirudishia chenji akisema kwa Kimalayalam, "Baakki."

"Baki!" Mjomba akadakia. "Umesikia?"

Kuanzia hapo akawa anawinda maneno. Hotelini tulipoingia kula, mhudumu alituonyesha mahali pa kukaa akasema mesha. Meza. Chakula kilikuwa appam, na appam ni kibibi, mtu asinidanganye: unga wa mchele, tui, katikati laini, kando kakauka. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Mle ndani mwanamke ameketi juu ya kibao kifupi chenye ulimi wa chuma wenye meno, kifuu mkononi, anakuna nazi kwa kukizungusha kidogo kidogo, machicha yakianguka sahanini. Mbuzi! Mbuzi ile ile ya jikoni kwetu, isipokuwa wao wanaiita chirava. Nilitaka kumpiga picha nikasita. Ningejieleza vipi, kwamba nimesafiri hadi India kupiga picha mbuzi?

Kanisa la Mtakatifu Francis tulilifikia alasiri, na hapo ndipo Mjomba alipopataka tangu asubuhi. Utoto wake alivua kwa mshipi kwenye mawe yaliyo chini ya ile nguzo ya Vasco da Gama, pale Malindi. Mreno huyo alipita kwetu mwaka 1498, akapewa rubani wa kumvusha hadi pwani hii ya pilipili, na mwaka 1524 akafia hapa Kochi, akazikwa katika kanisa hili.

Mjomba aliingia kikoi kimekunjwa magotini, kwa joto.

"Mjomba, shusha kikoi," nikamnong'oneza.

Akatazama lile jiwe la kaburi sakafuni, limezungushiwa vizuizi vidogo. "Nashusha," akasema, "lakini kwa ajili ya nyumba ya Mungu. Si kwa huyu."

Nikamsomea maelezo: mifupa ilishachukuliwa zamani, ikapelekwa Ureno. Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kucheka, mlinzi akatugeukia, ikabidi tutoke.

Jioni alisaidia kuvuta kamba za nyavu za Kichina ufukweni, zile kubwa za miti zinazoinuliwa kwa uzito wa mawe yaliyofungwa kambani. Wakapata kaa mmoja na vidagaa. Akawapa pole kama mvuvi kwa wavuvi wenzake.

Mama tulimkuta macho. Tulimpa krispi za ndizi, akatafuna moja, akasema, "Mafuta ya nazi haya," akauvuta mfuko wote upande wake.

"Na huyo Mreno wenu, mmemwona?"

"Tumemkosa," Mjomba akajibu, anakung'uta magamba kwenye kikoi. "Alishahama."