Mzio, Kuzirai au Homa ya Kawaida Baada ya Chanjo?

Dakika 15 unazoambiwa ukae kituoni baada ya kuchanjwa zina kazi yake. Mzio mkali unaoweza kuua ni nadra, takribani tukio moja kwa dozi milioni moja, lakini aghalabu huanza ndani ya dakika chache. Aliyewahi kupata mzio mkali wa kitu chochote akae dakika 30.

Mkono kuuma na kuvimba, homa, uchovu: hayo si mzio, na kwa kawaida huisha kwa siku mbili tatu. Chanjo ya surua huwababaisha wazazi kwa kuwa homa na vipele vyake huchelewa, kati ya siku ya 5 na ya 12. Kidonda kidogo cha BCG, chanjo ya kifua kikuu, hutokea wiki kadhaa baadaye. Kisikamuliwe wala kupakwa dawa.

Kinachochanganya watu zaidi ni kuzirai. Anayezirai hupauka, hutokwa na jasho jembamba, mapigo ya moyo hupungua, na akilazwa chini huzinduka upesi. Mwenye mzio mkali mapigo yake hukimbia, ngozi humwasha na kutoka mabaka, midomo na ulimi huvimba, pumzi hutoa mluzi, wengine hutapika. Huyu adungwe adrenalini papo hapo, kwenye msuli wa paja upande wa nje: miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, dozi nzima isizidi miligramu 0.5, na irudiwe baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Dawa za kuzuia muwasho hazifungui koo wala kupandisha shinikizo la damu, kwa hiyo kuanza nazo ni hatari. Alazwe, miguu iinuliwe. Akibanwa pumzi aketi, ila asisimamishwe.

Ukiulizwa kuhusu aleji, taja kitu chenyewe na kilikufanya nini. Gelatini, protini itokanayo na wanyama, imo katika baadhi ya chanjo za surua na tetekuwanga, mabaki ya hamira katika ya homa ya ini B, protini ya yai katika ya homa ya manjano. Mzio wa yai hauzuii chanjo ya surua, maana mabaki yake humo ni kidogo mno. Watoto hunyimwa kinga bure kwa hofu hiyo. Neomisini, dawa ya kuua bakteria, ikiwa ilikutoa upele tu ilipopakwa, unaweza kuchanjwa. Ikiwa ilikubana pumzi, chanjo yenye neomisini usichomwe.

Dalili zikitokea, andika jina la chanjo, namba ya toleo, saa uliyochomwa na saa zilipoanza, na upige picha ya mabaka kabla hayajafifia. Daktari atavihitaji kuamua kama dozi inayofuata itolewe.