Mapera yalivyorudi mezani kwangu

Mwaka 2021, nilipoambiwa nina ugonjwa wa sukari, kitu cha kwanza nilichofukuza nyumbani ni matunda. Hapa Kadutu, mtaa wa mji wa Bukavu, Kongo, kila jirani alikuwa na shauri lilelile: kitamu ni sumu kwako. Nikaacha mananasi ya kisiwa cha Idjwi yanayoletwa Bukavu kwa mashua, nikaacha ndizi, nikaacha hata mapera ya mti wetu wa nyuma ya nyumba. Bugali sikupunguza hata tonge. Na kila jioni nilikunywa juisi ya marakuja (pasheni) aliyokamua binti yangu, maana niliihesabu kuwa dawa.

Miezi mitatu ikapita, na vidonge nameza, lakini sukari haishuki. Muuguzi wa kituo cha afya akaniambia, "Papa, nitajie vyote unavyokula na unavyokunywa, usifiche kitu." Nilipofika kwenye marakuja akauliza inatiwa vijiko vingapi vya sukari. Vinne, kwa bilauri moja! Akanieleza kwa subira kwamba tunda zima lina nyuzinyuzi, nazo huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Ukikamua na kuchuja, nyuzinyuzi zinabaki kwenye chujio, sukari inashuka yote kwenye bilauri. Hata juisi isiyoongezwa kitu: bilauri moja ya machungwa inakula matatu au manne, na nani hukaa akamenya manne kwa mara moja?

Nilitaka kuona kwa macho yangu. Nikanunua kile kipimo cha kutoboa kidole, na kwa kuwa vijiti vyake ni ghali nilipima Jumamosi tu, saa mbili baada ya kula. Juisi ya marakuja: 238, kwa miligramu za sukari katika desilita moja ya damu. Mapera mawili baada ya maharagi na sombe (majani ya muhogo): 151. Ndizi moja ndogo: 163. Ndizi mbili zilizoiva mpaka ganda lina madoa: 204. Hizo ni namba za mwili wangu, wako una zake. Ila nilielewa kwamba kilichoniumiza ni juisi na wingi, wala si tunda.

Pera ndilo nililopenda zaidi. Gramu 100 zake zina takriban gramu 5 za nyuzinyuzi, na vitamini C kama mara nne ya chungwa. Avoka karibu haina sukari, nayo inashibisha, kwa hiyo nusu yake imechukua nafasi ya sehemu ya bugali. Yote tunayaosha kwa maji yaliyotiwa dawa, kwani kipindupindu hakituachi huku kwetu. Mwenye figo mbovu aulize daktari kwanza kabla ya kuzidisha ndizi na avoka, kwa sababu ya potasiamu.

Vidonge bado nameza. Marakuja sasa nalikata katikati, nalila kwa kijiko pamoja na mbegu zake. Binti yangu alinung'unika wiki ya kwanza; siku hizi huja na kijiko chake.